Mionzi, Ubongo na Panya wa Maabara: Matumaini Yetu Yasimame Wapi?

Hivi karibuni, baada ya kutoa Sakramenti ya Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa katika nyumba moja ya parokia yetu, tulizuiliwa mlangoni na kaka wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni baba wa watoto watatu, na madaktari walikuwa wamemkuta na uvimbe mbaya ndani ya ubongo. Kaka yake alitoa simu, akatuonyesha video fupi iliyodai kwamba huko Ulaya imepatikana mionzi inayomaliza uvimbe wa ubongo kwa muda usiofika hata sekunde moja, bila kuharibu kumbukumbu. Akatuuliza: “Baba, tuuze shamba tumpeleke?” Dada yao, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaongeza swali lake: “Na wanasema waliwapiga panya mionzi vichwani mpaka wakaipata. Kweli Mungu anaridhia hayo?”

Pale mlangoni hatukuyajibu maswali hayo mawili kama yalivyostahili. Tunayajibu hapa, kwa kuwa tunajua familia hiyo haiko peke yake. Tena maswali haya yamekuja wakati ambapo mataifa makubwa yanapitia upya matumizi ya wanyama katika utafiti. Mwezi Desemba 2022 Marekani iliondoa katika sheria zake sharti la kwamba kila dawa mpya lazima ijaribiwe kwanza kwa wanyama. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikatangaza mpango wa kupunguza majaribio hayo hatua kwa hatua, ikianzia na kundi la dawa zinazotokana na kingamwili. Wapo wanaoshangilia wakisema ukatili unakoma. Wapo pia wanaoogopa kwamba binadamu ndiye atakayechukua nafasi ya panya.

Kwa maoni yetu, maarifa ya tiba yanayopatikana kwa kuwatumia wanyama yanaweza kuwa halali, lakini yanatuachia deni la namna tatu: kusema ukweli juu ya kile yalichoonyesha na kile ambacho hayakuonyesha, kuwa na kiasi katika kuwatumia viumbe wa Mungu, na kuhakikisha matunda yake yanamfikia pia maskini.

Kilichoonekana kwa panya

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Uvimbe mbaya kuliko wote unaoanzia katika ubongo wa mtu mzima huitwa glioblastoma. Kwa kawaida mgonjwa hufanyiwa upasuaji, kisha hupewa mionzi kwa muda wa wiki 6 hivi. Kipimo cha mionzi inayoingia mwilini huitwa gray, na kwa ugonjwa huu jumla yake huwa gray 60, zikigawanywa katika siku 30 za tiba. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliopata mionzi peke yake waliishi zaidi ya miezi 12 hivi. Kwa waliopata mionzi pamoja na dawa iitwayo temozolomidi, muda huo ulifika miezi 14 na nusu hivi. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini yeyote aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hii anajua jinsi miezi hiyo inavyopita upesi.

Mionzi huua seli za uvimbe kwa kuvunja chembe za urithi zilizomo ndani yake. Shida ni kwamba seli nzima zilizo jirani hujeruhiwa vilevile. Ubongo nao si kiungo ambacho mtu anaweza kupoteza sehemu yake bila kuhisi. Mgonjwa anaweza kupona uvimbe kwa muda na bado akashindwa kukumbuka alichoambiwa asubuhi, akapoteza uwezo wa kupanga mambo yake, au akawa mgeni kwa watu wa nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo watafiti wamehangaika kwa miaka mingi na swali moja: je, inawezekana kuupiga uvimbe na kuuacha ubongo?

Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walitoa taarifa ya jambo lililowashangaza wengi. Waliwapiga panya mionzi kifuani kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba dozi yote iliingia katika sehemu ndogo ya sekunde. Uvimbe ulidhibitiwa kama kawaida, ila mapafu hayakupata makovu yaliyotazamiwa. Njia hiyo waliiita FLASH, yaani mmweko. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Lausanne, Uswisi, pamoja na wenzao wa Ufaransa, wakaigeukia kazi ya ubongo. Panya walipewa gray 10 kwenye ubongo wote. Kundi moja lilizipata kwa kasi ya kawaida, jambo linalochukua kama dakika moja na nusu. Kundi jingine lilizipata kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya miezi miwili walipimwa kumbukumbu kwa jaribio jepesi. Panya huzoezwa vitu viwili, kisha kimoja huondolewa na kingine kigeni kuwekwa mahali pake. Panya mwenye kumbukumbu nzima hukiendea kile kigeni akichunguze. Aliyepoteza kumbukumbu haoni tofauti. Waliopigwa polepole walikuwa wameathirika, na waliopigwa kwa kasi walikuwa wamehifadhi kumbukumbu zao.

Mwaka 2021 watafiti hao walitoa matokeo ya panya waliopandikizwa glioblastoma. Mionzi ya kasi iliuchelewesha uvimbe sawasawa na ile ya kawaida, huku madhara kwa akili yakipungua. Hapa tunawaomba wasomaji wetu wasome taratibu. Njia mpya ilikuwa sawa na ya zamani katika kuupiga uvimbe, haikuizidi. Tena kuchelewesha siyo kuponya. Ubora wake ulikuwa katika kuuhifadhi ubongo. Ile video ya simuni ilichanganya mambo haya mawili, na katika mchanganyiko huo shamba la familia lilikuwa karibu kuuzwa.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu

Ubongo wa panya mdogo una uzito usiofika nusu gramu. Wa binadamu unazidi gramu 1,300. Elektroni zilizotumika katika majaribio hayo hupenya sentimita chache tu, na kichwa cha panya hakihitaji zaidi ya hapo. Uvimbe ulio katikati ya kichwa cha mtu unahitaji mashine za nguvu nyingine kabisa. Aidha, uvimbe uliopandikizwa kwa panya mara nyingi hukua kama donge lililojikusanya, hali uvimbe wa binadamu hutandaza mizizi yake ndani ya ubongo kama kwekwe katika shamba la mpunga.

Tena wanyama wengine walitoa onyo. Paka waliougua saratani ya pua walitibiwa kwa FLASH, na mwanzoni matokeo yalikuwa mazuri. Katika jaribio lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, paka 3 kati ya 7 waliotibiwa kwa njia hiyo waliozewa na mfupa wa taya ya juu miezi kadhaa baadaye, na jaribio likasitishwa kabla ya wakati. Wale paka wanastahili shukrani yetu kuliko video elfu moja za kusifia, maana walionyesha kwamba kasi haiondoi hatari zote.

Kwa binadamu, mgonjwa wa kwanza alitibiwa Lausanne mwaka 2018 kwa ajili ya saratani ya ngozi, na dozi yake yote ilimalizika ndani ya milisekunde 90. Baadaye, huko Cincinnati, Marekani, wagonjwa 10 walitibiwa kwa mihimili ya protoni kutuliza maumivu ya saratani iliyosambaa katika mifupa ya mikono na miguu. Hatua hizo za kwanza zilihusu ngozi na mifupa, na hazikuhusu ubongo. Anayemwambia mgonjwa wa uvimbe wa ubongo kwamba tiba hiyo tayari inamsubiri Ulaya, anauza kitu ambacho hana.

Hata hivyo, tusimalize upande huu kwa kukatisha tamaa. Yapo maarifa kutoka kwa panya ambayo yamekwisha kuwafikia watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Marekani akiwemo Michelle Monje walionyesha kwa panya kwamba mionzi huharibu seli shina zilizo katika hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Madaktari wakajiuliza: kwa nini tusielekeze mionzi kwa namna ya kuikwepa sehemu hiyo pale ambapo hakuna uvimbe karibu yake? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 518 ambao saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye ubongo, wote wakipewa pia dawa ya kulinda kumbukumbu iitwayo memantini. Ambao hipokampasi yao ilikwepwa walipungukiwa na hatari ya kudhoofika akili kwa kiasi cha asilimia 26, na muda wa kuishi haukupungua. Nyuma ya bibi anayetoka katika mionzi akiwakumbuka wajukuu wake, wapo panya ambao hakuna aliyewahi kuwataja.

Binadamu alipotangulizwa

Je, isingekuwa bora kuwaacha wanyama kabisa? Historia ya tiba hii ya ubongo ina jibu zito. Kati ya mwaka 1951 na 1961, katika maabara ya Brookhaven na huko Massachusetts, Marekani, wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo walipewa dawa yenye boroni, kisha wakapigwa mionzi ya nutroni kutoka kinu cha nyuklia. Wazo lilikuwa la busara: boroni ikiingia katika uvimbe na kupigwa na nutroni, ingelipuka mlemle ndani na kuua seli mbaya tu. Lakini kiasi kikubwa cha boroni kilibaki katika damu. Mishipa ya ubongo ikajeruhiwa, tishu nzima zikafa, na wagonjwa hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Majaribio yakasimamishwa mwaka 1961. Watafiti walirudi maabara, wakatafuta dawa bora ya boroni na kuipima kwa panya wenye uvimbe, na ndipo mwaka 1994 wakathubutu tena kuwakaribia wagonjwa nchini humo. Mwaka 2020 Japani iliidhinisha tiba ya namna hiyo kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo.

Hatuwahukumu madaktari wale ambao wengi wao walikuwa wakipambana na ugonjwa usio na tiba. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo maarifa ya kutosha hayajapatikana kwa mnyama, mgonjwa aliyekata tamaa ndiye anayelipa. Ndiyo sababu Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotungwa baada ya unyama uliofanywa na madaktari wa Kinazi, zilitaka majaribio kwa binadamu yatanguliwe na matokeo ya majaribio kwa wanyama.

Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika ibara ya 2415 hadi 2418, inashika mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wanyama ni viumbe wa Mungu, anayewazunguka kwa maongozi yake, na kwa kuwapo kwao tu wanamtukuza. Kwa hiyo tunawajibika kuwatendea kwa wema. Pili, Mungu ameuweka ulimwengu chini ya uangalizi wa mwanadamu aliyemuumba kwa mfano wake, na majaribio ya kitabibu kwa wanyama yanakubalika kimaadili yakibaki ndani ya mipaka ya akili na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliyarudia mafundisho haya mwaka 2015 katika ibara ya 130 ya Waraka wake “Laudato si’”, akitukumbusha kwamba uwezo wa mwanadamu juu ya viumbe una mipaka.

Basi, tunamjibu dada yetu wa pale mlangoni hivi: swali lako ni jema, na usiache mtu akucheke kwa sababu ya kumhurumia panya. Amri ya Sabato ilimkumbuka ng’ombe na punda pamoja na mtumwa, na Kitabu cha Mithali, 12:10, kinahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Lakini huruma hiyo haimwondoi kaka yako katika nafasi yake. Yeye ni mfano na sura ya Mungu, na ilikuwa halali kutafuta njia ya kumwokoa kwa kupitia kiumbe kilicho chini yake.

Halali hiyo ina masharti. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa mwongozo wa mambo matatu ambao leo unafuatwa na maabara nyingi duniani: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Panya anayepigwa mionzi kichwani hulazwa kwa nusu kaputi, na mtafiti mwadilifu haachi uvimbe ukue hadi mnyama ateseke bila faida. Mtafiti Mkristo angeyafuata hayo hata kama hakuna mkaguzi anayetazama.

Mwelekeo wa kupunguza matumizi ya wanyama tunaupokea kwa furaha, lakini kwa macho yaliyo wazi. Seli za binadamu zilizooteshwa katika chombo cha kioo zinaweza kufundisha mengi juu ya jinsi mionzi inavyoua uvimbe. Haziwezi kutuambia kama mgonjwa atamtambua mkewe, kwa maana kumbukumbu inapimwa kwa kiumbe hai anayetembea na kuchunguza. Aidha, njia mbadala isije ikawa mlango wa dhambi kubwa zaidi. Hati “Dignitas Personae” ya mwaka 2008 inafundisha wazi kwamba kiinitete cha binadamu hakiwezi kufanywa malighafi ya utafiti. Kumwachilia panya na kumteketeza mtoto aliye katika mwanzo wa uhai wake hakuwezi kuitwa huruma.

Matunda yanamfikia nani?

Lipo jambo linalotuuma zaidi. Wanyama wametumika kwa miaka mingi ili mionzi itolewe kwa usahihi, na bado sehemu kubwa ya Afrika inapungukiwa hata na mionzi ya kawaida. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipozindua mpango wake wa kusambaza tiba ya saratani mwezi Februari 2022, lilieleza kwamba zaidi ya nchi 20 za bara letu hazikuwa na tiba ya mionzi kabisa. Majirani zetu wa Uganda wanakumbuka mwaka 2016, mashine moja tu iliyokuwa nchini mwao ilipoharibika pale Mulago; wagonjwa wenye uwezo walivuka mpaka kwenda Nairobi, na wasio na uwezo walibaki nyumbani.

Hapa kwetu tunamshukuru Mungu kwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ambayo imewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa. Lakini tiba ya wiki 6 maana yake ni nauli, chakula na mahali pa kulala kwa mgonjwa na mwuguzaji wake. Wapo wanaoanza na kukatiza njiani, kwa kukosa tu godoro la kulalia mjini.

Ikiwa tumekubali kwamba mnyama aumie ili binadamu apone, hatuna haki ya kukubali kwamba binadamu huyo awe tajiri peke yake. Hapa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na Karitasi za parokia zina kazi ambayo hakuna maabara itakayoifanya.

Kwa familia zenye mgonjwa

Kwanza, msikieni habari za tiba mpya kwa kuuliza swali moja: imejaribiwa kwa nani? Kama jibu ni panya, mwombeeni mtafiti, lakini msiuze kitu. Pili, mpelekeni mgonjwa kwa daktari bingwa mapema, na mwulizeni waziwazi faida na madhara ya mionzi, pamoja na jinsi ya kulinda kumbukumbu. Tatu, kumbukeni mafundisho ambayo Papa Pius XII aliyaeleza kwa madaktari mwezi Novemba 1957, na ambayo Katekisimu inayashika hadi leo: hakuna anayelazimika kutumia njia zilizopita kiasi, zenye mzigo usiolingana na matumaini yake. Kutouza shamba la watoto kwa ajili ya ahadi isiyo na uhakika siyo kukosa upendo.

Familia ile haikuuza shamba. Tulikwenda pamoja nao kwa daktari, ambaye aliwaeleza kwa upole kwamba kinachohitajika ni tiba ya kawaida ya wiki 6. Jumuiya yao ikachanga nauli, na mwamini mmoja mjini akatoa chumba. Ndugu yetu amemaliza mionzi yake. Siku hizi husahau majina ya wanajumuiya, na mkewe humnong’oneza wakiingia. Lakini Rozari anaiongoza mwenyewe, mafumbo yote matano, bila kukosea. Ni miezi mingapi amebakiwa nayo hatujui, wala madaktari hawakutudanganya.

Tumwombe Mungu, aliyeumba nyangumi na panya na mwisho akamuumba mtu kwa mfano wake, awajalie watafiti hekima na huruma, awajalie viongozi wetu moyo wa kuweka mashine za tiba karibu na maskini, na awajalie wagonjwa wetu matumaini yasiyotahayarisha, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.